Gari linatetema: ni tairi au ni propela?

Mwezi mmoja, magari mawili ya nyumbani kwetu yalianza kutetema karibu siku moja. La kwanza ni Hiace yangu inayobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenda Magu na Bunda. La pili ni Mark II ya mdogo wangu, GX110, ambayo humpeleka Sengerema kila wiki. Yote mawili yanasukumwa na magurudumu ya nyuma.

Mimi niliambiwa ni matairi. Nikanunua mawili mapya, nikafanya balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, na mtetemo ukabaki palepale. Mdogo wangu aliambiwa ni propela, naye akaanza kuzunguka maduka ya vipuri kutafuta ya mtumba. Ukweli ulikuja kuwa kinyume kabisa: ugonjwa wa propela ulikuwa kwangu, ugonjwa wa matairi ulikuwa kwake. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu nikiyaweka magari haya mawili pamoja. Anayesikia gari lake likitetema huwa ana hela ya kutengeneza kitu kimoja tu mwezi huo, na akikosea kuchagua, mwezi mzima umekwenda.

Kwa nini magari haya yanachanganya

Kwenye Vitz ya kawaida, injini na giaboksi viko mbele na magurudumu yanayosukuma yako hukohuko mbele. Kwenye Hiace, Mark II, Crown au Hilux, nguvu ina safari ndefu. Inatoka giaboksi, inaingia kwenye propela, yaani lile bomba la chuma linalozunguka chini ya sakafu, inafika kwenye difu, ndipo inagawanywa kwa magurudumu ya nyuma. Bomba likiwa refu hukatwa vipande viwili, na katikati hushikwa na senta beringi, ambayo ni beringi iliyokaa ndani ya raba nene iliyofungwa kwenye bodi. Kwenye maungio kuna krosi, kile chuma chenye umbo la msalaba na vikombe vinne vyenye sindano ndani. Wengine huiita spaida.

Kwa hiyo dereva wa gari la namna hii ana washukiwa wengi zaidi, na wote wako chini ya kiti chake. Tairi la nyuma likiharibika anatetema makalio, propela ikiharibika anatetema makalio. Hapo ndipo watu hubahatisha.

Sikiliza mtetemo wenyewe kwanza

Kuna hesabu moja ndogo ambayo fundi mzee wa Nyakato alinifanyia kwa chaki sakafuni, na tangu siku ile naisikia gari kwa namna nyingine. Hiace yangu inavaa tairi la 195R15. Tairi hilo likizunguka mara moja, gari limesogea karibu mita 2.2. Kwenye kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kwa gari la abiria nchini, gurudumu linazunguka karibu mara 10 kila sekunde. Propela inakwenda mbio zaidi. Difu yenye uwiano wa 4.1 ina maana kwamba gurudumu likizunguka mara moja, propela imezunguka mara 4.1. Hiyo ni zaidi ya mara 40 kwa sekunde.

Mwili unazipokea namba hizo mbili kwa namna tofauti kabisa. Kitu kinachopiga mara 10 kwa sekunde kinakutikisa: maji kwenye chupa yanarukaruka, usukani unakwenda kushoto na kulia, mashavu ya abiria yanacheza. Kinachopiga mara 40 hukioni, unakisikia. Ni mvumo, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya pili. Kioo cha ndani kinaonyesha picha yenye ukungu, nyayo zinawasha, masikio yanaziba kidogo. Na krosi iliyokaa kwenye pembe mbaya hupiga mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, yaani zaidi ya mara 80 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake una sauti ya juu zaidi.

Mdogo wangu alikuwa akilalamika kuhusu usukani unaotikisika. Mimi nililalamika kuhusu mvumo unaopanda kwenye sakafu. Majibu yalikuwa ndani ya maneno yetu wenyewe, ila hakuna aliyetuuliza.

Majaribio ya barabarani

Mimi nilifanya majaribio asubuhi ya Jumapili, barabara ya kutoka Kisesa kwenda Magu, sehemu ambazo hakuna nyumba karibu wala watoto wanaovuka. Kaa na mtu pembeni anayeandika, wewe uangalie barabara.

Kwanza tafuta kasi ambayo mtetemo unakuwa mkali kabisa, kisha endelea juu yake kidogo kama sheria na barabara vinaruhusu. Tairi lisilo na balansi mara nyingi lina kasi yake: linaanza kutikisa karibu na 80, linachachamaa, halafu ukipanda zaidi linatulia. Mark II ilikuwa hivyohivyo. Propela isiyo na balansi haina huruma hiyo, kadiri unavyoongeza kasi ndivyo inavyozidi.

Pili, kwenye kasi ileile, badilisha gia. Kama mtetemo uko kwenye 70 ukiwa gia ya 5, rudi gia ya 4 ukiwa bado 70. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini propela na magurudumu hayajabadilika hata kidogo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini na klachi umeshaziondoa kwenye orodha. Ukibadilika au kuhama kasi, usiguse propela, nenda kwenye injini.

Tatu, ukiwa kwenye kasi hiyohiyo, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia, kisha kanyaga tena. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Tairi halijali kama unakanyaga au umeachia. Krosi iliyochoka, pembe mbaya na senta beringi iliyochanika raba vinajali sana: vinavuma ukikanyaga, vinatulia ukiachia, au kinyume chake. Hiace yangu ilikuwa inanyamaza kila nikiinua mguu. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba propela iliyopoteza balansi tu, huku krosi zake nzima, nayo haijali mguu. Kwa hiyo jaribio hili linakamata magonjwa mengi ya propela, si yote.

Kuna jaribio la kutoa gia na kuacha gari litembee lenyewe sekunde chache, ili kujua kama mtetemo unatoka kwenye injini. Lifanye kwa muda mfupi, mahali pa wazi, na usizime injini kamwe. Ukizima, breki zinakuwa ngumu, usukani unakuwa mzito na unaweza kujifunga.

Halafu kuna jaribio ambalo halihitaji hata barabara ndefu: badilisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki upande wake. Mtikisiko ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umeshamkamata mwizi bila kununua chochote. Unahitaji jeki, spana na nusu saa. Kama ningelifanya hili kabla ya kununua matairi yale mawili, ningejua yale ya zamani hayakuwa na kosa.

Dalili zikiwekwa pamoja

| Jambo | Matairi na rimu | Propela, krosi, senta beringi | Injini na raba zake |
|---|---|---|---|
| Unavyohisi | Mtikisiko wa polepole | Mvumo, nyayo kuwasha | Bodi nzima, hata likisimama |
| Mahali | Mbele: usukani. Nyuma: kiti | Sakafu, katikati na nyuma | Dashibodi, gia, kiti |
| Ukibadilisha gia kwa kasi ileile | Haubadiliki | Haubadiliki | Unabadilika |
| Ukikanyaga na kuachia | Haubadiliki | Mara nyingi unabadilika | Unaweza kubadilika |
| Wakati wa kuondoka | Kimya, isipokuwa tairi lenye nundu | Kutetemeka, mlio wa "klak" | Kutetemeka kama raba zimekatika |
| Mzigo | Tofauti ndogo | Tofauti kubwa | Tofauti ndogo |

Mstari wa mwisho, ule wa mzigo, ndio ulionisaidia mimi. Fundi aliniuliza, "Mama, linavuma zaidi ukibeba magunia mangapi?" Nikamjibu, "Likiwa tupu, baba, ndipo linavuma zaidi." Akaweka chini spana yake. "Basi twende tukaangalie springi kwanza. Nani aliongeza majani?"

Majani ni yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine kwenye springi, na nilikuwa nimeyaongeza mimi. Nitalirudia hilo mbele.

Kama ni matairi: Mark II

Hapa sina mengi ya kusema, kwa sababu tatizo la matairi ni rahisi kulimaliza ukishalitambua. Lakini kuna mambo manne ambayo watu wa Mwanza wayatazame kabla hawajalipia hata balansi.

Tope. Wakati wa mvua, ukipita njia za mitaani za Buswelu ambazo hazina lami, tope linajaa upande wa ndani wa rimu na kukauka huko kama tofali. Gramu chache tu upande mmoja wa rimu zinatosha kutikisa usukani kwenye mwendo. Mdogo wangu aliosha gari kila Jumamosi lakini upande wa nje tu. Tulipovua gurudumu la mbele kushoto tulikuta bonge la udongo mkavu kubwa kama kiganja. Balansi ikifanywa juu ya tope, siku tope likidondoka gari linaanza kutikisika upya na fundi tairi analaumiwa bure.

Nundu. Zungusha tairi polepole likiwa limeinuliwa na litazame kwa upande na kwa mbele. Tairi lenye uvimbe, au linaloyumba kama nyoka, nyuzi zake za ndani zimeachana. Hilo hutikisa hata kwenye kilomita 30 au 40, halitibiki kwa balansi, na linaweza kupasuka ukiwa mwendoni. Livue leo. Kwa wanaonunua matairi ya mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ngozi inaweza kuwa nene na tairi likawa limezeeka.

Rimu za spoti. Rimu nyingi za kununua pembeni zina tundu la katikati kubwa kuliko kitovu cha gurudumu. Rimu inashikwa na nati peke yake, na ikikaa pembeni kwa milimita moja gari linatikisika ingawa mashine ya balansi inasema liko sawa. Dawa ni pete ya kuziba nafasi hiyo, na kukaza nati kwa kurukaruka, moja na ya mkabala wake, gari likiwa bado limeinuliwa. Mark II ilikuwa na shida hii pia. Ndiyo sababu ilikwenda balansi mara mbili bila kupona.

La nne ni beringi ya gurudumu na vyuma vya usukani. Shika gurudumu lililoinuliwa juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, balansi haitasaidia kitu. Beringi iliyokwisha huvuma pia, ila mvumo wake hubadilika ukikata kona, kwa sababu uzito unahamia upande mmoja.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema haina tena kusubiri kivuko, unakwenda mwendo mmoja. Mdogo wangu anaamini gari lilianza kutikisika baada ya daraja. Mimi naona lilikuwa linatikisika zamani, ila sasa anakaa kwenye kasi ileile muda mrefu, kwa hiyo analisikia vizuri.

Kama ni propela: Hiace

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo pesa inapopotea na hapa pana hatari.

Ingia chini ya gari likiwa limezimwa, gia imetolewa, magurudumu yamewekewa mawe au kabari, na kama umeinua, liwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Shika propela kwa mikono miwili karibu na kila krosi. Jaribu kuizungusha kushoto na kulia, kisha isukume juu na chini. Krosi nzima haichezi kabisa. Kisha tazama pembezoni mwa vikombe vyake. Ukiona unga mwekundu kama wa kutu, grisi iliisha zamani na sindano zimeanza kusagana. Mlio wa "kwi kwi kwi" ukitembea polepole unasema jambo hilohilo mapema zaidi. Mlio wa "klak" unapotoka rivasi kwenda mbele unasema krosi imeshachimbika, au difu ina nafasi kubwa.

Kwa senta beringi, shika propela pale katikati uinyanyue. Raba ikikubali kwenda juu sana, au ukiona imechanika kama soli ya kandambili, imekwisha. Gari lenye ugonjwa huo hutetemeka wakati wa kuondoka na kupanda mlima kwa gia ndogo. Kilima cha Isamilo au kile cha kupanda Bugando kinatosha kukuonyesha.

Tazama bomba lenyewe. Jiwe linaweza kulibonyeza. Lami iliyoganda au tope lililokauka juu yake linaharibu balansi, na propela inayozunguka mara 40 kwa sekunde inahisi hata uzito mdogo. Tafuta vile vibati vidogo vilivyochomelewa kiwandani kwa ajili ya balansi: kikidondoka hubaki alama safi ya mstatili. Wanaopuliza dawa nyeusi ya kuzuia kutu chini ya gari, wafunike propela kwanza.

Sasa pembe. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe, haizungushi propela kwa mwendo ulio sawa, inaiharakisha na kuipunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili inarekebisha kosa hilo, mradi pembe zote mbili zinalingana na makoleo ya ncha mbili za bomba, yaani mikono ya chuma inayoshika krosi, yako kwenye mstari mmoja. Vurugu huanzia hapo. Nilipoongeza majani mawili ya springi nyuma ili kubeba dagaa wengi zaidi, nyuma ya gari ilipanda. Likiwa na mzigo, springi zinalala na pembe inakuwa nzuri. Likirudi tupu kutoka Bunda, nyuma iko juu, pembe imekuwa kali, na sakafu nzima inavuma. Matairi yangu ya zamani hayakuwa na kosa lolote.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua: alama. Propela ya vipande viwili ikichomolewa na kurudishwa meno mawili pembeni, makoleo hayako tena kwenye mstari, na gari ambalo halikuwa na tatizo linaanza kuvuma. Hutokea sana baada ya kubadilisha klachi pleti, kwa sababu lazima propela itolewe. Kama mtetemo wako ulianza siku ulipotoka gereji kwa kazi ya klachi au giaboksi, anzia hapo kabla ya kununua kitu. Fundi apige mstari wa rangi kwenye kila ungio, ukipita vipande vyote viwili, kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Kutengeneza: krosi mpya, propela ya mtumba, au kubalansi?

Ukishajua ni propela, utapewa njia tatu.

Krosi mpya na senta beringi mpya ndiyo njia ninayoichagua mimi, mradi bomba ni zima. Krosi ni za aina mbili: iliyofungwa daima, na yenye kitundu cha kupigia grisi. Ile iliyofungwa ni nzuri kwa gari linalokaa kwenye lami. Kwa Hiace inayopita maji, na mvua ikinyesha kwa nguvu mto Mirongo nao hufurika katikati ya mji, nataka yenye kitundu, ili kila sevisi grisi mpya isukume maji na uchafu nje. Yenye kitundu ukiisahau, hata hivyo, itakufa mapema kuliko ile nyingine, kwa hiyo mwenye gari asiyekumbuka sevisi achague iliyofungwa. Simama uangalie ikifungwa. Vikombe visukumwe kwa jiliwa, visigongwe na nyundo, maana sindano moja ikilala chini ya kikombe krosi haikai sawa. Ikimalizika, ikunje kwa mkono: iende laini pande zote bila kukwama na bila kucheza.

Kuna magari madogo ya Kijapani ambayo krosi zake zimebanwa kiwandani kwa kugonga chuma, bila klipu za kuzitoa. Hapo kazi inataka fundi mwenye mashine, au unabadilisha kipande kizima. Na BMW au Mercedes nyingi zina raba nene ya duara mahali ambapo ungetarajia krosi. Raba hiyo ikipasuka nyufa, badilisha, hakuna cha kutengeneza.

Propela ya mtumba inafaa kama bomba lako limepinda au kubonyea, au kama koleo limeliwa kiasi kwamba kikombe cha krosi kinacheza ndani ya tundu lake. Zaidi ya hapo siipendi. Inakuja na krosi za mtumba na raba ya mtumba, unaweza kununua ugonjwa uleule uliokuwa nao. Lazima ilingane urefu, idadi ya meno na matundu ya kufungia, na kumbuka kwamba gari lilelile likiwa na giaboksi ya kawaida na likiwa na ya otomatiki linaweza kuwa na propela za urefu tofauti. Beba ya kwako dukani, zilaze pamoja chini, pima.

Kubalansi ni kwa propela ambayo krosi ni nzima, bomba limenyooka, makoleo yako kwenye mstari, na bado inavuma kadiri kasi inavyopanda. Kama hakuna mashine karibu, kuna njia ya klipu za mpira wa maji, zile za kukaza kwa bisibisi. Nimeiona ikifanywa na ikafaulu, na haigharimu zaidi ya klipu mbili na uvumilivu. Gawa mzunguko wa bomba karibu na difu sehemu nne, uziandike 1 mpaka 4. Funga klipu moja, kichwa chake kikiwa kwenye 1, nenda barabarani, sikiliza. Hamisha kwenye 2, kisha 3, kisha 4. Pale panapotulia zaidi ndipo upande mwepesi ulipo. Kama bado inavuma kidogo, ongeza klipu ya pili mahali hapohapo. Ikizidi kuwa mbaya, tenganisha vichwa vya klipu hizo mbili kidogo kidogo, mmoja kushoto na mmoja kulia, mpaka mvumo uwe mdogo kabisa. Angalia klipu isiguse kitu chochote bomba likizunguka.

Ukilazimika kuchagua kitu kimoja mwezi huu: gari likitikisa usukani na kutulia ukipita kasi fulani, safisha rimu, hamisha magurudumu, lipia balansi. Hiyo ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote na unaweza kusubiri wiki moja kama tairi halina nundu. Gari likivuma sakafuni na kunyamaza ukiinua mguu, weka fedha yote kwenye krosi na senta beringi, na usisubiri. Krosi ya mbele ikikatika mwendoni, ncha ya propela inadondoka na kujichimbia barabarani, na gari lenye watu linaweza kunyanyuliwa juu yake. Ya nyuma ikikatika, gari linakosa nguvu na bomba linapigapiga chini ya sakafu. Nimewahi kupita Hiace ya namna hiyo karibu na Magu. Abiria walikuwa salama, lakini bati la sakafu lilikuwa limetoboka.

Visivyo vya huku wala huku

Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu ni diski au ngoma zilizoliwa vibaya, usiguse kitu kingine. Gari likitetema limesimama, injini ikinguruma, ni plagi, koili au raba za kushikia injini, ambazo mafundi huziita mauntingi. Raba ya kushikia giaboksi ikilala, giaboksi inashuka, pembe ya propela inabadilika, na unarudi kwenye hadithi yangu ya springi kwa njia nyingine. Kwa hiyo iangalie wakati uko chini.

Mark II ilipona kwa kuoshwa rimu kwa ndani, tairi moja kubadilishwa, pete nne za katikati na balansi. Hakununua propela. Hiace ilipewa krosi mbili, senta beringi moja, na fundi akatoa jani moja la springi nililoongeza, kisha akaweka washa, vile vibati vya duara, kati ya senta beringi na bodi kuishusha kidogo mpaka pembe zikalingana. Siku hizi nabeba magunia machache zaidi kwa safari. Mistari ya rangi nyeupe aliyopiga fundi kwenye maungio bado inaonekana, na kijana anayeniendeshea anajua kwamba hakuna mtu atakayefungua propela ile bila kuonyeshwa mistari hiyo kwanza.